Msimu wa Michigan wa 1901 ukisomwa kutoka Moshi: mapitio ya hifadhi ya magazeti ya Chronicling America

Chronicling America ni hifadhi ya magazeti ya kale ya Marekani inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo kwa kushirikiana na National Endowment for the Humanities, taasisi ya serikali inayogharimia masomo ya historia, lugha na utamaduni. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2007, na hivi sasa ina zaidi ya kurasa milioni 20 zilizopigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Msomaji haulizwi jina, haombwi kujisajili na halipi chochote. Kwa mtu anayesomea Moshi hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa hifadhi nyingine nyingi za aina hii ni za kibiashara, hudai dola kila mwezi, na huzitaka kupitia kadi ya benki ilhali wengi wetu fedha zetu ziko kwenye simu. Hata hivyo kitu cha bure huweza kuwa kibovu vilevile, na ndiyo maana nimeona niipime hifadhi hii kwa kazi moja yenye mipaka: kufuata msimu mzima wa timu moja ya chuo, tangu mechi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa namna ambayo msomaji wa siku zile aliweza kuufuata.

Timu niliyoichagua ni ya Chuo Kikuu cha Michigan, katika futiboli ya Kimarekani, msimu wa 1901. Uchaguzi huo una asili yake hapa hapa mjini. Anayepita Soko la Memorial wakati wa baridi ya Julai hatakosa kuona masweta ya mitumba ya buluu yenye herufi M kubwa ya njano, na masweta hayohayo huyakuta baadaye migongoni mwa madereva wa bodaboda na wapagazi wa mlimani. Wanafunzi wetu wa sekondari huyavaa wikiendi, na mwalimu wa historia akiulizwa M hiyo ni ya nani, inafaa awe na jibu lililo refu kuliko kusema kwamba ni ya chuo fulani cha Wazungu.

Muhtasari wa msimu huo unapatikana popote, nao ni mfupi: mechi 11, ushindi 11, pointi 550 za kufunga na sifuri ya kufungwa. Albion walifungwa 50, Case 57, Indiana 33, Northwestern 29, Buffalo 128, Carlisle 22, Ohio State 21, Chicago 22, Beloit 89, Iowa 50, na mwisho Stanford 49. Anayeishia kwenye hesabu hiyo atadhani kwamba timu ya watu wazima ilikuwa ikicheza na watoto, na kwamba hakuna cha kusimulia zaidi. Magazeti yanayasahihisha mawazo hayo taratibu, kwa sababu mwandishi wa Oktoba 1901 hakujua kwamba namba itafika 550, na kila Jumapili alilazimika kueleza kilichotokea Jumamosi kana kwamba Jumamosi ijayo mambo yangeweza kuharibika.

Niseme mapema kuhusu kikwazo kikubwa kuliko vyote, ambacho wala si kosa la hifadhi. Magazeti hayo yaliandikiwa watu walioujua mchezo, kwa hiyo hayaelezi kanuni, na kanuni za 1901 si zile ambazo kijana wa Moshi anaweza kuwa amezichungulia kwenye televisheni. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 110, yaani karibu mita 100, sawa na uwanja wetu wa kawaida wa kandanda. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi 5, na ikishindwa iliuachia mpira upande wa pili. Kuurusha mpira mbele kwa mkono hakukuruhusiwa kabisa, na ruhusa hiyo haikuja hadi 1906. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, jambo ambalo nitaliita tachidauni, kulileta pointi 5, na teke la nyongeza lililofuata lilileta 1, wakati teke la kupitisha mpira kati ya nguzo katika mchezo wa kawaida lilikuwa na thamani ya pointi 5 pia. Kilichobaki kilikuwa kusukumana. Kundi lilijipanga na kumzunguka mwenye mpira, likamtanguliza kwa nguvu ya vifua na mabega, na kofia ngumu za kulinda kichwa zilikuwa hiari ya mchezaji. Pasipo kujua hayo, taarifa ya mechi ya wakati ule haisomeki. Ukishayajua, aya ileile iliyokuwa kama orodha ya majina na yadi huanza kuwa na mwendo.

Mwendo ndio hasa uliokuwa siri ya Michigan. Kocha wao, Fielding H. Yost, alifika Ann Arbor, mji wa chuo hicho, mwaka huohuo wa 1901, akiwa tayari amefundisha Ohio Wesleyan, Nebraska, Kansas na Stanford, mwaka mmoja mmoja kila mahali. Aliwataka wachezaji wajipange kwa jaribio linalofuata kabla wapinzani hawajainuka kutoka chini, na kwa kuwapigia kelele za kuwahimiza alibandikwa jina la utani la Hurry Up, yaani Fanya Haraka. Timu zake za miaka ile ziliitwa timu za pointi kwa dakika. Hayo yote yameandikwa mara nyingi, lakini mtu akisoma taarifa za mechi mfululizo anaona jinsi kasi hiyo ilivyofanya kazi katika nusu ya pili ya mchezo, pale ambapo wenzao walikuwa wamechoka. Ni jambo ambalo kocha yeyote wa mchezo wowote angelielewa hata bila kuujua mchezo wenyewe.

Sasa nirudi kwenye huduma. Kutafuta ndiko kunakohitaji akili. Ukiandika neno Michigan peke yake utaletewa migodi ya shaba, meli za ziwani, bei za mbao, mtaa maarufu wa Chicago na hali ya hewa, kwa kuwa jina hilo ni la jimbo na la ziwa kabla ya kuwa la timu. Njia iliyonifaa ni kuchagua kwanza tarehe na jimbo, kisha kuandika jina la mpinzani pamoja na neno la mchezo. Njia nyingine, ambayo nimekuja kuipenda zaidi, ni kuachana kabisa na kisanduku cha kutafutia: kwa kuwa mechi nyingi zilichezwa Jumamosi, unafungua toleo la Jumapili la gazeti ulilolichagua, unapitia kurasa hadi ya michezo, na unasoma. Njia hii ni ya polepole, lakini inakupa ukurasa mzima, na ukurasa mzima unakuonyesha mechi ilikuwa na uzito gani mbele ya mbio za farasi, ndondi na baiskeli.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea mno kisanduku hicho. Maandishi yanayotafutwa hayakuchapwa upya na mtu. Yamesomwa na programu ya kutambua herufi, na programu ya namna hiyo, popote inapotumika, hukwama inapokutana na wino uliofifia, karatasi iliyokunjika au safu zilizobanana. Jina la mchezaji huweza kugeuka likawa mkusanyiko wa konsonanti. Kwa sababu hiyo, kukosa matokeo si ushahidi kwamba habari haipo. Picha ya ukurasa ndiyo ya kuaminiwa, na hifadhi inakuruhusu kuikuza hadi kila herufi isomeke au kuipakua nzima kama faili la PDF. Ukurasa mmoja wa gazeti pana huwa mzito, kwa hiyo anayetumia bando la siku afikirie mara mbili kabla ya kupakua toleo zima. Mimi husoma kwanza mtandaoni kwa ukubwa wa kati, nikapakua ule tu nitakaourudia.

Sehemu iliyonishughulisha kuliko nyingine ni kulinganisha magazeti ya miji mbalimbali kwa wiki ileile, na hapa hifadhi inastahili sifa isiyo na masharti. Humo yamo New-York Tribune, The Sun na The Evening World za New York, na yamo The San Francisco Call na Los Angeles Herald za California. Kwa wasomaji wa New York futiboli ilikuwa Harvard, Yale na Princeton, na timu ya Magharibi ya Kati, eneo la Marekani liliko jimbo la Michigan, iliyoshinda 128 kwa 0 ilikuwa jambo la mistari michache. Nao walikuwa na sababu zao. Harvard ya 1901 ilishinda mechi zake zote 12. Na hata ndani ya shirikisho la vyuo la Michigan wenyewe, ambalo leo linaitwa Big Ten, Wisconsin walimaliza msimu bila kushindwa vilevile, wakagawana ubingwa na Michigan bila ya timu hizo mbili kukutana uwanjani. Namba 550 kwa 0 haisemi lolote kuhusu Wisconsin. Nakiri kwamba baada ya kulijua hilo heshima yangu kwa Michigan haikupungua, ila nilianza kusoma kila ushindi wao nikiwa na swali la pembeni.

Mechi ya Buffalo, tarehe 26 Oktoba, ndiyo inayotajwa na kila mtu kwa sababu ya ile 128. Kwa maoni yangu ndiyo inayochosha kuliko zote kusoma. Tachidauni hufuata tachidauni hadi mwandishi mwenyewe anakosa vitenzi. Kinachogusa kiko jirani yake. Mwishoni mwa Oktoba huohuo, mchezaji wa kati wa Ohio State alifariki dunia kutokana na jeraha alilolipata mchezoni, na bado timu hiyo iliendelea na ratiba yake, ikakutana na Michigan mwezi Novemba. Ilifungwa 21 kwa 0, matokeo madogo kuliko ya mechi nyingine yoyote ya msimu huo. Vifo vya namna hiyo ndivyo vilivyolimbikizana hadi Oktoba 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo vikubwa Ikulu, na mabadiliko ya kanuni ya 1906, pamoja na ile ruhusa ya kurusha mpira mbele, yakafuata. Anayefuata msimu mmoja kwa karibu huyaona matatizo hayo yakiwa bado madogo, yamewekwa chini ya ukurasa, juu yake kuna matangazo ya dawa za kikohozi.

Kuhusu mechi ya Carlisle, mwalimu anayetaka kuwapa wanafunzi kurasa hizi ajiandae. Carlisle ilikuwa shule ya bweni huko Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1879 na afisa wa jeshi Richard Henry Pratt, kwa kusudi la kuwatenga watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani na lugha na mila zao. Timu yao ilikuwa kali, ikizitia hofu timu za vyuo vikubwa, na dhidi ya Michigan ilifungwa 22 tu. Magazeti ya zama zile yaliwaandika wachezaji wake kwa lugha ya dharau na mzaha wa rangi, na hifadhi, kama inavyopaswa, haikufuta chochote. Msomaji wa Old Moshi, mahali ambapo Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapo, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, hatahitaji kuelezwa sana lugha hiyo ilikuwa inatumikia nini. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza atahitaji, na ni afadhali maelezo yatangulie karatasi.

Kilele cha kazi hii ni Pasadena. Waandaaji wa Maonyesho ya Maua ya Mwaka Mpya huko California, waliokuwa wakiyaendesha tangu 1890, waliamua kuongeza mechi ya futiboli kati ya Mashariki na Magharibi, wakaialika Michigan ije icheze na Stanford tarehe 1 Januari 1902. Wachezaji waliondoka Ann Arbor kwenye theluji, wakasafiri kwa treni kwa siku kadhaa, wakashuka kwenye jua la California. (Reli ya kutoka Tanga haikuwa imefika Moshi wakati huo, ilifika miaka kumi baadaye.) Kulikuwa na uhasama wa chinichini pia, kwa kuwa Stanford walikuwa wamemwacha Yost aondoke mwaka mmoja tu kabla, baada ya kuamua kwamba kocha wao lazima awe aliyesoma chuoni hapo.

Kwa mechi hii magazeti ya California hayana mfano. Ukiyafungua kuanzia siku za Krismasi unaiona habari ikikua, kutoka maandalizi hadi orodha za wachezaji na uzito wao, hadi toleo la asubuhi ya tarehe 2 Januari. Na hapo ndipo unapokutana na jambo ambalo muhtasari wa 49 kwa 0 unalificha kabisa: kwa zaidi ya dakika 20 za mwanzo hakuna aliyefunga. Stanford walisimama imara. Hadi mapumziko ilikuwa 17 kwa 0, tofauti ambayo kwa kanuni zile ilikuwa nzito ingawa haikuwa ya aibu. Kipindi cha pili ndicho kilichowamaliza. Neil Snow alifunga tachidauni 5 peke yake, Willie Heston akakimbia na mpira mara kwa mara pasipo kukamatika, na Michigan wakacheza mechi nzima kwa watu walewale 11 bila kubadilisha hata mmoja, wakati Stanford waliendelea kupoteza watu kwa majeraha. Zikiwa zimebaki dakika 8, nahodha wa Stanford aliomba mchezo usimamishwe, na ukasimamishwa. Waandaaji walikata tamaa na futiboli. Mwaka uliofuata wakaleta polo, kisha mbio za magari ya farasi kwa mtindo wa Kirumi, na mechi ya futiboli haikurudi kwenye maonyesho hayo hadi 1916. Wapenzi wa takwimu watafurahi kujua kwamba Michigan waliporudi huko Januari 1948, dhidi ya Southern California, walishinda tena 49 kwa 0.

Upungufu upo. Kwanza, hifadhi hii haina kila gazeti. Kila jimbo lilichagua yapi yapigwe picha, na kwa msimu huu niliona kwamba mtu hawezi kutegemea hapo peke yake kwa sauti ya Ann Arbor yenyewe. Dawa ya hilo iko kwenye hifadhi nyingine ya bure, ile ya gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, The Michigan Daily, lililoanza mwaka 1890, ambayo chuo kimeiweka mtandaoni. Wanafunzi waliandika kwa majigambo kuliko waandishi wa mjini, kwa hiyo zisomwe zote mbili kwa pamoja. Pili, Kiingereza chenyewe ni cha zamani, kina mafumbo ya kimchezo ambayo kamusi za shuleni hazina, na mwanafunzi wa kawaida atachoka kwenye aya ya tatu asiposaidiwa. Tatu, simu haifai. Ukurasa ulioumbwa kwa ajili ya meza hausomeki kwenye kioo cha inchi sita, na bora mtu asubiri kompyuta ya shuleni au ya maktaba ya mkoa.

Uchapaji nao una mambo yake. Duka moja la uchapaji hapa mjini lilinitolea ukurasa kwenye karatasi ya A4, na herufi zikawa vumbi. Dai A3, au kata kipande unachokihitaji kabla ya kupeleka, na kipande hicho kikuzwe. Kuhusu haki, hakuna wasiwasi, kwa kuwa magazeti ya Marekani ya miaka ile yameshatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki, na mwalimu anaweza kutoa nakala za darasa zima bila kumwomba mtu ruhusa. (Natamani ningeweza kuandika sentensi kama hiyo kuhusu magazeti yetu ya zamani kama Mambo Leo au Komkya, lakini hiyo ni barua ya kuiandikia ofisi nyingine.)

Kwa mwandishi wa michezo wa redio zetu za Moshi na Arusha, hifadhi hii ina faida ya ziada ambayo sikuitarajia, nayo ni kumfundisha namna ya kusimulia mechi ambayo matokeo yake yalikuwa hayana shaka. Waandishi bora wa 1901 walijua kwamba msomaji ameshasikia ni ngapi kwa ngapi, hivyo walianza na hali ya uwanja, wakaingia kwenye jaribio lililoshindikana, na kuonyesha ni nani aliyeanza kuchoka. Wabaya wao waliorodhesha tu. Mtu akisoma wa aina zote mbili kuhusu mechi moja, atajua upesi yeye ni wa kundi gani.

Anayetaka kuanza, ninamshauri asianze Septemba. Afungue kwanza magazeti ya Los Angeles na San Francisco ya tarehe 2 Januari 1902, asome taarifa ya Pasadena pamoja na orodha za wachezaji, ayaandike majina ya Michigan pembeni, ndipo arudi hadi mechi ya Albion ya tarehe 28 Septemba 1901 na kupanda nayo juu, Jumapili kwa Jumapili. Mechi ya Iowa aitafute Ijumaa, tarehe 29 Novemba, kwa kuwa ilichezwa Alhamisi ya sikukuu ya Shukrani. Ya Beloit anaweza kuiruka.